Video za familia: hela za mtoto anayerekodiwa ni za nani?

Dhana: Marekani ina sheria ya watoto wasanii tangu zamani, kwa hiyo hawa wanaorekodiwa na wazazi kwa video za mtandaoni zinazoingiza hela nao wamelindwa.

Inayotajwa ni Sheria ya Coogan ya California, ya 1939. Jackie Coogan aliigiza na Charlie Chaplin akiwa mdogo, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokua akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitafuna. Akawashtaki mwaka 1938, akaambulia takriban dola 126,000. Lakini sheria iliyozaliwa hapo ilimlenga mtoto mwenye mkataba wa kuigiza. Anayerekodiwa na mama yake sebuleni akinywa uji hana mkataba wala studio, na California ilimfikia Januari 2025 tu.

Dhana: Mtoto akipita mbele ya kamera, tayari ana chake.

Sivyo. Illinois, jimbo la kwanza kutunga sheria ya namna hii, lilianza kuitumia Julai 2024 kwa walio chini ya miaka 16. Sharti ni sura, jina au picha ya mtoto iwemo katika angalau asilimia 30 ya maudhui yanayolipwa ndani ya siku 30. (Kwa hiyo kumziba uso kwa emoji huku unamtaja jina ni kazi bure.) Kama ni mtoto mmoja na yumo katika nusu ya maudhui, angalau robo ya mapato ghafi ya video alizomo inawekwa amana hadi afikishe miaka 18. Mzazi asipoweka, anaweza kushtakiwa na mwanawe.

Dhana: YouTube ilipigwa faini kwa ajili yao mwaka 2019.

Faini ile ya dola milioni 170 ilihusu taarifa binafsi za watoto wanaotazama video, si wanaorekodiwa.

Dhana: Pesa ikishatengwa, yamekwisha.

Binafsi naona hapa ndipo penye uzito. Hela iliyoliwa hulipika. Video ya mtoto akifundishwa kwenda chooni wanafunzi wenzake wataiona. Ufaransa ililiona hili mapema: sheria yake ya Oktoba 2020 inamruhusu mtoto mwenyewe kudai video ifutwe, bila ridhaa ya wazazi. Marekani, jimbo la Utah lilifuata mwaka 2025, baada ya mama maarufu wa YouTube, Ruby Franke, kufungwa kwa kuwatesa wanawe. Huko aliyerekodiwa anaweza kudai video ziondolewe akishatimiza miaka 18. Jimbo la Minnesota ndilo kali zaidi: tangu Julai 2025, aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kabisa kufanyishwa kazi hii.