Kwa nini nguzo ya karibu hukatika kwenye picha ya panorama?

Umepiga picha kadhaa ukizungusha kamera juu ya stendi, ukaziunganisha kwenye kompyuta, na mlima wa mbali umeungana vizuri kabisa. Lakini nguzo iliyokuwa mita moja mbele yako imekatika, au inaonekana mara mbili. Usiilaumu programu. Shida ilianzia pale kamera ilipofungwa.

Funga jicho moja, inua kidole mbele ya uso, kisha geuza kichwa kushoto na kulia. Kidole kinahama mbele ya ukuta ingawa mkono umetulia, kwa sababu shingo ndiyo inayozunguka na jicho liko mbele yake. Hiyo ndiyo paralaksi. Kamera nayo iko hivyo: skrubu ya stendi huingia chini ya bodi, ilhali lenzi hutazama kutokea mbele zaidi, pale tundu lake linapoonekana ukichungulia kioo kwa mbele.

Tuseme sehemu hiyo imeutangulia mhimili wa kuzunguka kwa sentimita 8. Ukigeuza kamera nyuzi 36, lenzi inahama karibu sentimita 5. Kwa kamera ya megapikseli 24 yenye sensa (kihisi kinachonasa picha) ya milimita 36 kwa 24 na lenzi ya milimita 24, nguzo ya mita moja itahama kiasi cha pikseli 200 ukilinganisha na vitu vya mbali. Kitu kilicho umbali wa kilomita moja hakihami hata pikseli moja. Ndiyo maana anayepiga milima hupona hata akishika kamera mkononi, na anayepiga ndani ya chumba huhangaika.

Kishikizi cha panorama huirudisha kamera nyuma mpaka sehemu ile ya lenzi ikae juu ya mhimili. Sawazisha stendi kwanza kwa pima maji. Funga kamera ikiwa wima, kisha tazama kwa mbele uhakikishe katikati ya lenzi iko juu ya mhimili, haijaenda kushoto wala kulia. Hapo ni dakika moja tu. Kazi yenyewe ni mbele na nyuma.

Simamisha kijiti chembamba kama nusu mita kutoka kwenye lenzi, kikiwa kwenye mstari mmoja na mlingoti wa mbali. Zungusha kamera kulia hadi vyote viwili vifike ukingo wa kushoto wa fremu. Kijiti kikiwa kimehamia kushoto ya mlingoti, lenzi bado iko mbele mno: irudishe nyuma. Kikihamia kulia, umepitiliza, isogeze mbele. Rudia upande wa pili, milimita chache chache, ukikuza picha kwenye skrini, hadi kijiti kisibanduke kwenye mlingoti popote kamera inapogeukia. Weka alama kwenye reli ya kishikizi, ile inayobeba kamera mbele na nyuma. Lenzi ya zumu itahitaji alama kwa kila urefu wa fokasi (ile namba ya milimita ya lenzi) unaotumia, maana sehemu hiyo husogea ukivuta zumu.

Kwa lenzi ile ya milimita 24, picha 10 za kila nyuzi 36 hutosha mzunguko mzima, zikipandana karibu theluthi. Na kama una simu tu, usigeuke kiuno huku umenyoosha mikono. Iache simu igeukie palepale ilipo, wewe ndiye uizunguke.