Msimu wa kuchomoza: maana yake katika besiboli

Mwaka 2004 José Bautista, kijana wa Santo Domingo, alihamahama kama mpangaji asiyelipa kodi: Baltimore, Tampa Bay, Kansas City, Pittsburgh, timu nne ndani ya msimu mmoja. Mwaka 2008 Toronto Blue Jays wakamchukua awe mchezaji wa akiba, wa kuziba nafasi popote panapovuja. Mwaka 2010 akapiga homurani 54, akawazidi wapigaji wote wa ligi kuu ya Amerika Kaskazini. Homurani, kwa asiyefuatilia, kwa kawaida ni mpira uliopigwa ukavuka uzio wa uwanja, na mpigaji akazunguka vituo vyote vinne bila bughudha.

Msimu wa namna hiyo ndio watu wa besiboli huuita msimu wa kuchomoza. Chipukizi wa miaka 21 aliyesubiriwa na kila mtu akifanya vizuri, wengi huona ametimiza tu kilichotarajiwa. Neno hili hukaa vizuri zaidi kwa mtu ambaye hesabu zake zilishazoeleka. Bautista alikuwa na miaka 29, na kabla ya hapo hakuwahi kuvuka homurani 16 kwa msimu. Mwaka 2009 alipiga 13 tu.

Lakini anayezitazama hizo 13 kwa makini anaona kitu: nyingi zilikuja mwezi wa mwisho. Mambo mawili yalikuwa yamebadilika. Agosti 2009 Alex Rios wa Toronto, aliyekuwa akilinda upande wa kulia wa uwanja wa nje, yaani sehemu ya mbali nyuma ya vituo, alikwenda Chicago White Sox, nafasi ikabaki wazi. Na makocha walikuwa wamemwambia Bautista kwamba anachelewa, aanze kujiandaa mapema zaidi. Akawa anainua mguu wa mbele mrushaji akiwa bado hajaachia mpira, na gongo likawa linaukuta mpira mbele ya mwili wake. Kwa kuuwahi mpira hivyo, karibu homurani zake zote za 2010 zilikwenda upande wa kushoto.

Kazi ngumu ilikuwa ya meneja, Cito Gaston. Katika besiboli wapigaji tisa huingia kwa zamu, na mpangilio ukishatangazwa haugeuzwi katikati ya mchezo. Anayeingia badala ya mwingine hurithi zamu yake. Wa kwanza hupata zamu nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo huwekwa mtu anayejua kufika kituoni. Wa tatu na wa nne huwa wenye nguvu, kwa kuwa wakikuta wenzao wamesimama vituoni, pigo moja huwaingiza wote. Bautista alianza 2010 akiwa mpigaji wa kwanza, kisha akahamishiwa katikati ya safu. Mara alilinda uwanja wa nje, mara kituo cha tatu. Binafsi naona huko kuhamishwa ndiko kulikokuwa kukiri kwa timu: sasa huyu si mziba pengo.

Hata hivyo, hakuna meneja anayejua katikati ya msimu kama anaona mchomozo au bahati. Mwaka 1996 Brady Anderson wa Baltimore, mlinzi wa uwanja wa nje pia, alipiga 50 ilhali rekodi yake ya awali ilikuwa 21. Mwaka uliofuata alipiga 18, na hakukaribia tena 50. Wengi huuita msimu ule wa ajabu, na mimi ningeuacha hapo, kwa sababu mchomozo hudai mwaka wa pili.

Toronto hawakuusubiri. Februari 2011 walimpa Bautista mkataba wa miaka 5 wa takribani dola milioni 65. Msimu huo akapiga 43, akaongoza tena ligi nzima, na warushaji wa timu pinzani, kwa kumkwepa au kwa kukosea shabaha, wakampa kituo cha kwanza bure mara 132.