Mtoto wa Miaka Miwili Bado Anacheua? Mpime Uzito Kabla ya Kununua Kapsuli

Siku ya kliniki ya watoto hapa Kisumu haipiti bila mzazi kuingia chumba cha dawa akiwa na mtoto mgongoni na mfuko wa karatasi mkononi. Mfukoni mna kapsuli za omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, zilizonunuliwa duka la dawa la mtaani, na mara nyingi mna karatasi ya kipimo cha H. pylori, bakteria wa tumboni. Nikiomba kitabu cha kliniki, kiko nyumbani. "Daktari, huyu alishamaliza chanjo," naambiwa, kana kwamba kitabu kile ni cha sindano tu.

Malalamiko ya watoto wanaoendelea kucheua baada ya uchanga yameongezeka, ndiyo maana naandika. Mimi ni mfamasia, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi imekuwa kuwaeleza wazazi kwa nini siwapi dawa waliyokuja kuichukua. Najua hawana nia mbaya. Mtoto analia usiku, mama hajalala wiki nzima, jirani anasema "wangu alipona kwa hizi kapsuli." Nani asingenunua?

Mtoto mchanga kucheua maziwa ni jambo la kawaida, na sitakaa hapo. Hali hiyo huwa kali zaidi akiwa na miezi minne hivi, kisha hupungua anapoanza kukaa na kula chakula kizito. Wengi huwa wameacha wakifika mwaka mmoja. Anayeendelea baada ya mwaka mmoja na nusu, au aliyeanza kucheua baada ya miezi sita ilhali hapo awali hakuwa na shida, huyo anahitaji kuangaliwa.

Sasa tazama kalenda. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo wazazi wengi hukiweka kitabu kabatini, ingawa mtoto anapaswa kuendelea kupimwa uzito mpaka afike miaka mitano. Yaani wakati uleule ambao kucheua kulipaswa kuwa kumekwisha ndio wakati tunaoacha kumpima. Mzazi anarudi kwetu mtoto akiwa na miaka miwili na miezi mitatu, na kati ya tarehe hizo mbili hakuna hata nukta moja kwenye chati. Tutajuaje kama kucheua huku kunamla au kunamsumbua tu?

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha shauri lote. Mtoto anayecheua huku uzito unapanda sambamba na mistari ya kitabuni, anacheza na analala, huyo anahitaji marekebisho ya chakula na subira. Mtoto ambaye mstari wake umelala miezi miwili au mitatu, au umeshuka, hata kama anacheua mara moja tu kwa siku, ni mgonjwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wazazi huniomba skani. Skani ya kawaida ya tumbo haitumiki kuthibitisha kuwa asidi ya tumbo inapanda kooni, na kamera ya tumbo huwekewa wachache wenye sababu maalumu. Mizani ya zahanati, ile ya kuning'inia yenye suruali ya turubai, inatuambia mengi zaidi kwa dakika mbili.

Mtoto wa umri huu hawezi kusema "nina kiungulia." Atakuonyesha kitovu, hata kama kinachouma ni kifua. Angalia mambo haya: anakula vijiko vitatu kwa hamu halafu anasukuma sahani na kulia, anapiga mbweu za majimaji kisha anameza tena huku amekunja uso, anaamka saa saba usiku akilia na kujipinda mgongo, ana kikohozi kikavu akilala ambacho mchana hakipo, sauti imekwaruza, kinywa kinanuka chachu asubuhi. Mwuguzi akimfungua kinywa, mara nyingine huona meno ya mbele ya juu yamelika upande wa ndani. Hakuna dalili hata moja kati ya hizi inayotosha peke yake. Kikohozi cha usiku katika nyumba inayopikiwa kwa kuni kinaweza kuwa moshi tu, na ule wa sigara huongeza kikohozi na kucheua pia. Kutokula kunaweza kuwa choo kigumu, jambo ambalo wazazi hulisahau kabisa.

Kwa hiyo tunaomba kitu rahisi kabla ya dawa yoyote: wiki mbili za kuandika. Daftari la shule linatosha, hata simu. Amekula nini, saa ngapi, amecheua saa ngapi, amekohoa usiku au la, choo kilikuwaje. Mama mmoja wa Nyalenda alileta daftari la namna hiyo, na kabla sijamaliza ukurasa wa pili jibu lilikuwa limejitokeza. Mtoto alikuwa akipewa kikombe kikubwa cha uji wenye ndimu saa mbili na nusu usiku ili alale ameshiba, na saa tatu kasoro yuko kitandani. Hakuandikiwa dawa.

Uji huo unastahili maneno zaidi, kwa sababu huku kwetu ndio chakula cha mtoto. Uji mchachu wa wimbi na mtama, ukiongezwa ukwaju au ndimu, ni mzuri kwa mtu mzima aliyetoka shambani, lakini kwa mtoto ambaye asidi inampanda unaongeza moto. Mpe usiochacha, bila ndimu, kwa muda. Kisha kuna unga wa mchanganyiko: wimbi, mtama, mhogo, soya, njugu, omena, kila kitu katika kopo moja, kwa imani kwamba kadiri vinavyozidi ndivyo mtoto anavyonenepa. Uji huo ni mzito na una mafuta, na tumbo huchelewa kuumaliza. Omena ni nzuri, njugu ni nzuri. Zipike kwa zamu. Mpe chakula kidogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani kubwa mara tatu, na mlo wa mwisho uwe muda wa saa mbili au zaidi kabla ya kulala. Akishakula akae wima nusu saa, asibebwe kwa kukunjwa tumbo. Soda, sharubati za pakiti, chipsi na mandazi ya kila asubuhi ziondoe. Chai pia. Najua chai ya maziwa ni heshima ya nyumba, lakini mtoto wa miaka miwili haihitaji, na majani yake yanazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Chupa ya maziwa kitandani nayo iachwe. Maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku. Mtoto mwenye ukurutu wa ngozi au kamasi na damu kwenye choo pamoja na kucheua, mwambie daktari, maana huenda protini ya maziwa ndiyo inamkataa. Lakini usimwondolee maziwa peke yako bila mtaalamu wa lishe kukupa cha kuweka mahali pake. Kuhusu mito: aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali bila mto, hata akicheua. Aliyepita umri huo, kumrundikia mito kunamkunja tumbo na kusukuma chakula juu.

Yafuatayo si ya daftari wala ya kusubiri siku ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo, hata usiku: matapishi ya kijani kama maji ya sukuma wiki, damu au vitu kama unga wa kahawa, choo cheusi, tumbo lililovimba na kukaza, kushindwa kumeza, mtoto aliyelegea, mtoto asiyekojoa kwa saa nyingi. Ukishuku amemeza betri ndogo ya saa au ya kidude cha kuchezea, kimbia. Na kutapika pamoja na homa katika ukanda huu wa ziwa ni kipimo cha malaria kwanza, mengine baadaye.

Nyanya wengi wameniambia kwamba hii ni sihoho, jicho la mtu. Sibishani na imani ya mtu. Kuchanja tumbo la mtoto kwa wembe, hapo nabishana. Kukata kilimi vilevile: kilimi kiko kooni, mlango unaolegea na kuachia asidi ipande uko juu ya tumbo, na watoto hutoka damu nyingi na kupata maambukizi kwa kukatwa kitu kisichohusika. Maji ya magadi, yale ya kulainishia mboga, pamoja na munyu wa majivu, yanaunguza umio na kumjaza mtoto chumvi. Yabaki kwenye mboga ya osuga.

Nirudi kwenye mfuko wa karatasi. Kile kipimo cha H. pylori hakimhusu mtoto anayecheua. Watu wengi katika nchi zetu wana bakteria huyo tangu utotoni bila ugonjwa wowote, na miongozo ya madaktari wa matumbo ya watoto haitaki mtoto apimwe na kutibiwa kwa karatasi hiyo peke yake. Nimeona watoto wa miaka miwili wakimeza antibiotiki mbili na kapsuli juu yake kwa sababu mstari wa pili ulitokea kwenye kijiti. Inachosha.

Omeprazoli yenyewe ina kazi yake. Daktari akishaamua, humpa mtoto kwa muda maalumu, kwa kawaida wiki nne hadi nane, kisha humwangalia tena. Dozi huhesabiwa kwa kilo, ndiyo maana sitaiandika hapa. Ndani ya kapsuli mna chembechembe zilizofunikwa ili asidi ya tumbo isiziharibu. Ukizisaga kwa kijiko, umeiua dawa. Ukizikoroga kwenye uji wa moto, umeiua pia. Inafunguliwa, chembe zinanyunyizwa kwenye kijiko cha chakula laini kilichopoa, mtoto anameza bila kutafuna, nusu saa kabla ya kifungua kinywa. Wazazi wengi wanaosema "imeshindwa" hawajawahi kuitoa sawasawa, nao wameongeza dozi mara mbili. Na asidi si adui tu: inaua vijidudu vinavyoingia na chakula na maji. Katika mji unaoijua kipindupindu, kuizima miezi sita bila sababu kunamfungulia mtoto mlango wa kuhara na wa nimonia. Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla bila kumwona daktari, kwa kuwa asidi hurudi kwa nguvu siku chache na mzazi hudhani ugonjwa umezidi. Ranitidini, ambayo bado huulizwa dirishani, iliondolewa sokoni Marekani mwaka 2020 kwa sababu ya kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Metoklopramidi na domperidoni, dawa za kuzuia kutapika, zisitumiwe kwa mtoto kwa kubahatisha.

Utaratibu. Anzia zahanati au kituo cha afya, ngazi ya 2 au ya 3, ukiwa umejisajili na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kujisajili ni bure na huduma ya nje hapo hulipiwa na mfuko wa afya ya msingi. Mtoto atapimwa uzito, urefu na mzunguko wa mkono. Utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa wastani, zaidi ya hapo kijani. Akihitaji hospitali utapewa barua ya rufaa. Ije na mtoto, pamoja na kitabu na maboksi ya dawa zote alizokunywa, hata yaliyokwisha.

Duka la dawa lazima liwe na leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu ikiwa ukutani, na mtaalamu aliyesajiliwa awepo. Kuuza dawa bila hivyo ni kosa chini ya Sura ya 244 ya sheria za Kenya. Wakaguzi huchukua dawa, hufunga duka na kumfikisha mwenyewe mahakamani. Mtoto akidhurika na dawa, ripoti katika kituo chochote cha afya, ambako hujazwa fomu ya njano, au uripoti kwa bodi mtandaoni. Si lazima daktari akuandikie. Hifadhi boksi lenye namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na risiti. Dawa yenyewe ikionekana mbovu, imebadilika rangi au haina maandishi, fomu ni ya waridi. Kapsuli zilizobaki zirudishe kwenye dirisha letu la dawa, usizitupe chooni wala usimpe jirani.