Kikohozi cha mvutaji si lazima kiwe TB
Kijana wa miaka 30 anakohoa kwa miezi, akipanda ngazi anahema, na X-ray inaonyesha madoa sehemu ya juu ya mapafu. Kwetu, jambo la kwanza kufikiriwa ni kifua kikuu, na ni sawa kuanzia hapo kwa kuwa TB ndiyo iliyoenea. Lakini vipimo vya makohozi visipoonyesha kitu na dawa zisilete nafuu, aulizwe: unavuta sigara?

Upo ugonjwa adimu uitwao histiositosisi ya seli za Langerhans. Kati ya watu wazima wanaoupata mapafuni, zaidi ya 9 katika 10 wanavuta au wamewahi kuvuta. Seli hizo ni sehemu ya kinga ya mwili. Paul Langerhans alizieleza mwaka 1868 alipozikuta kwenye ngozi, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin. Moshi huzifanya zijazane kuzunguka njia ndogo za hewa. Hapo huota vinundu, ambavyo baadaye huwa na uwazi ndani na kugeuka vifuko. Kwenye CT-Scan tunaviona vimesongamana juu, wakati pembe za chini za mapafu ni safi. Mpangilio huo ndio unaotushtua.

Kifuko kikipasuka, hewa huvuja na pafu husinyaa: maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua, pumzi zinakata. Usisubiri kesho, nenda hospitali. Wengine huumwa mifupa, au hupata kiu isiyoisha na kukojoa sana.

Tiba ya kwanza ni kuacha sigara. Kuna wagonjwa ambao hilo peke yake huwatosha: vinundu hupungua, hali hutulia. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi kama zamani, ndiyo maana tunahimiza mapema. Na tafadhali, "nimepunguza, navuta tatu tu" si kuacha. Kuhamia shisha ndiyo kabisa.

Faida haziishii kwenye ugonjwa huu. Ndani ya siku moja hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi hupungua kwenye damu. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji. Siku za mwanzo ndizo ngumu: hasira, usingizi wa mang'amung'amu, hamu kali. Mweleze daktari, kuna vibandiko na bazoka za nikotini za kusaidia.

Ukija kliniki, njoo na picha zako zote za kifua, hata za miaka iliyopita, tuzilinganishe.