Nani Atatufuata Huku Mwisho wa Reli?

Kauli hii nimeisikia Mwanga, nimeisikia Ujiji, na juzi Kasulu nikaisikia tena kwa mkurugenzi ambaye seva ya ofisi yake iko wazi kwa intaneti nzima: “Sisi ofisi ndogo, tuko Kigoma, nani atatujua?” Naiandikia leo, maana kuijibu ofisi moja moja kumenichosha.

Mdukuzi hajui Kigoma iko wapi, wala hana haja ya kujua. Programu yake inapita anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti, moja baada ya nyingine na kuandika kila inayojibu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitoa programu iitwayo ZMap. Kompyuta moja yenye intaneti ya kasi iliweza kugonga poti moja (mlango wenye namba ambao huduma ya mtandao husikiliza) kwenye anwani zote za hadhara za IPv4, aina ya kawaida ya anwani hizo, duniani kwa chini ya dakika 45. Yako ilikuwamo. Bado unabisha? Fungua /var/log/auth.log, logi ya wanaojaribu kuingia, kwenye seva ya Ubuntu iliyoacha wazi poti 22 ya SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali), uone wanavyojaribu majina ya root (msimamizi mkuu), admin na test usiku kucha, Jumapili na hata sikukuu ya Idi.

“Hatuna cha kuibiwa” ndiyo inayoniudhi zaidi. SACCOS ina salio za wanachama, namba za NIDA na majina ya wadhamini. Zahanati ina majibu ya vipimo vya watu. Hiyo ni mali ya watu waliowaamini ninyi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayezikusanya azilinde. Hata mngekuwa hamna data kabisa, mashine yenyewe ina faida kwa mdukuzi: itatuma barua taka na kushambulia wengine. Programu hasidi ya Mirai, mwaka 2016, iliteka kamera na ruta za watu wa kawaida kwa kujaribu orodha fupi ya paswedi za kiwandani.

Kwa hiyo punguzeni milango. Ushauri huu nitautoa hadi nistaafu: kwenye Linux andika sudo ss -tulpn, amri inayoorodhesha poti zinazosikiliza, kisha eleza kazi ya kila mstari unaouona. Huduma isiyo na wa kuielezea, izime. Hifadhidata inayotumiwa na programu ya mashine ileile isikilize 127.0.0.1 tu, yaani anwani ya mashine yenyewe. Fayawoli, yaani mlinzi wa mtandao, ikatae kila kinachoingia, ndipo uruhusu kimoja kimoja. Root asiingie kwa SSH, na wafanyakazi waingie kwa funguo za kidijitali (mafaili ya siri) badala ya paswedi. Poti 3389 ya Remote Desktop, ya kutumia Windows kwa mbali, isionekane nje kabisa. Anayeihitaji apite kwenye VPN, njia ya faragha iliyosimbwa.

“Tumehamishia SSH poti 2222.” Mmepunguza kelele kwenye logi, basi.

“Antivairasi tunayo.” Haitamzuia mtu aliyeingia kwa paswedi sahihi, na paswedi yenyewe ni admin123 inayojulikana na ofisi nzima.

“Masasisho yanaharibu mfumo.” WannaCry, programu inayofunga mafaili na kudai fidia, ilipolipuka Mei 2017, Microsoft walikuwa wametoa kiraka cha kuziba tundu hilo tangu Machi. Unaogopa mfumo wa uhasibu utagoma? Jaribu kwanza kwenye mashine ya pembeni, lakini jaribu wiki hii.

“Bakapu ipo.” Ipo kwenye diski iliyochomekwa kwenye seva mwaka mzima, kwa hiyo programu ya kudai fidia itaifunga pamoja na seva. Ichomoe, ipeleke jengo jingine, na kila mwezi rejesha faili kutoka humo, mhasibu akiwepo, alifungue mwenyewe na kukagua tarakimu.