Mimba ya Kwanza Nyumbani: Maswali ya Mke, Mume na Mama Mkwe

Maswali haya ni ya kwenye benchi la kliniki ya wajawazito. Ndani kwa nesi watu huuliza presha na uzito, wakishapimwa wanatoka. Ni pale nje, kadi zimeshakusanywa na kila mmoja anangoja kuitwa jina, ndipo yanapotoka ya nyumbani: chakula, mume, wakwe, ndoo za maji. Nimewajibu wote waliouliza, maana mimba ya kwanza ina wenyewe wengi.

Nimekosa siku zangu mwezi mmoja tu, na kipimo cha mkojo kimeonyesha mistari miwili. Mama anasema nisiende kliniki mpaka tumbo lionekane, watu wasije wakanifanyia kitu. Ningoje?

Usingoje. Kuficha mimba changa ni desturi yetu na haina ubaya. Mtaa mzima hauna haja ya kujua. Lakini kliniki si mtaa. Hudhurio la kwanza linatakiwa kabla ya wiki ya 12, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mama aonane na mtoa huduma angalau mara 8 hadi kujifungua. Siku ya kwanza ndiyo ndefu kuliko zote: unapimwa wingi wa damu, kundi la damu, mkojo, presha, VVU, kaswende na malaria, unaanzishiwa vidonge vya damu, na kwa Tanzania unapewa chandarua chenye dawa. Kaswende na upungufu wa damu havina makelele. Mtu anaweza kuwa navyo huku anajiona mzima, na akija na tumbo la miezi saba, muda wa kutibu umeshaliwa.

Njoo ukiwa unakumbuka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9 mbele: iliyoanza 10 Machi inakupa 17 Desemba. Hayo ni makadirio tu, wengi hujifungua kabla au baada yake, kwa hiyo mashangazi wasianze kupiga simu tarehe 18.

Nimemchukia mume wangu. Harufu ya sabuni anayoogea inanitapisha, hata akipita mlangoni nageuza uso. Yeye anasema mimba imemkataa, dada zake wanasema nimebadilika. Ni kawaida?

Kawaida kabisa, na wala si uchawi, wala si dalili kwamba mtoto si wake. Homoni za miezi ya mwanzo huifanya pua iwe kali na tumbo liwe jepesi kuchafuka. Kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Kwa hiyo kaka, usikasirike, badilisha sabuni. Manukato yapumzike kidogo, dagaa wakaangwe nje, na kama unavuta sigara, sasa ndiyo wakati wa kuacha, kwa sababu moshi unaomchefua mama unamfikia na mtoto.

Wewe dada, usikae na njaa ukidhani utatapika kidogo. Tumbo tupu ndilo linalochafuka zaidi. Weka kitu kikavu kando ya kitanda, kipande cha mkate au muhogo wa kuchemsha, ule kabla hujasimama. Halafu kula kidogo kidogo mara nyingi. Maji ya tangawizi huwasaidia baadhi ya akina mama. Ila ikifika mahali hata maji hayakai tumboni siku nzima, mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai, hiyo si ya kuvumilia nyumbani. Nenda ukawekewe dripu.

Na wapo wanaume ambao mke yuko salama, wao ndio wanasinzia na kutamani maembe mabichi. Wataalamu wanalijua jambo hili na halina madhara. Acheni kuwacheka sana.

Vidonge vya damu vinanifunga choo, na kikitoka ni cheusi. Nimeacha kuvitumia wiki mbili. Si ninakula mchicha?

Choo cheusi ni rangi ya madini ya chuma yaliyobaki, hakuna kilichoharibika ndani. Rudi kwenye vidonge. Mchicha ni mzuri lakini madini yake huingia mwilini kwa shida, na mtoto anahitaji kuliko mboga ya jioni inavyoweza kutoa. Kidonge kile kina chuma pamoja na asidi ya foliki, na hii ya pili ndiyo inayomkinga mtoto na kasoro za uti wa mgongo, ambao hujengwa wiki za mwanzo kabisa.

Tatizo kubwa ninaloliona katika nyumba nyingi ni chai. Mama anakula maharage na mchicha, anameza kidonge, kisha anashushia na kikombe cha chai ya rangi. Chai inakamata chuma tumboni na kukizuia kuingia kwenye damu, hata chakula chote kile kikawa kama kimepita tu. Chai ikae mbali na mlo na kidonge kwa saa moja au mbili. Kidonge kimezwe usiku ukishakula, kwa maji na chungwa au maji ya limao. Kwa choo kigumu, ongeza maji, papai na kutembea. Dagaa, maharage, nyama na samaki viwepo kadiri mfuko unavyoruhusu. Maini yana chuma kwa wingi lakini yana vitamini A nyingi mno, kwa hiyo yasiwe mboga ya kila siku, hasa miezi mitatu ya kwanza.

Mliokuwa mnacheka nyuma na vipande vya udongo kwenye mikoba, nimewaona. Hamu ya udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe unazidi kuzuia chuma, unaweza kuwa na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Mwambie nesi bila aibu. Apime damu, akupe na dawa ya minyoo, ambayo hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Nesi ananipa vidonge vitatu nivimeze mbele yake, na malaria siumwi.

Hiyo ni SP, dawa ya kukinga malaria. Malaria kwa mjamzito huweza kujificha kwenye kondo la nyuma, mama hana hata homa, mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Huanza wiki ya 13 na hurudiwa kila baada ya mwezi hadi kujifungua. Asiyeitumia ni yule anayemeza kotrimoksazoli kila siku (dawa ya kinga wanayopewa baadhi ya wanaoishi na VVU), kwa hiyo taja dawa zako zote. Chandarua utakilalia kama kawaida, na chandarua ni cha kitandani, si cha kufugia vifaranga.

Sisi tulizaa bila makaratasi haya. Sasa mkwe wangu anakula mayai kila siku, na dawa ya mizizi ya kufungua njia niliyomletea kutoka nyumbani ameificha. Mnawafundisha kutudharau?

Shikamoo mama. Hapana, hatuwafundishi hivyo, na tunajua umekuja kutoka mbali kwa ajili ya mjukuu.

Mayai hayamfanyi mtoto azaliwe na kipara, wala kiungulia si nywele zake. Yai lililoiva vizuri ni chakula cha kujenga mwili, na ni rahisi kuliko nyama.

Hiyo mizizi, mama, naomba isitumike. Nakueleza sababu. Hospitali nasi tunayo dawa ya kuongeza uchungu, lakini inaingia kwa dripu, tone kwa tone, mtu amesimama anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, na theatre iwe karibu. Tunaogopa kwa sababu uchungu ukizidi nguvu, mtoto anakosa hewa, na mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Dawa ya kikombe haina kipimo. Ikishanywewa haiwezi kuzimwa. Kama imeshanywewa, muambieni mkunga ukweli mkifika. Hatagomba, au akigomba, bora agombe akijua.

Ulicho nacho wewe mama na sisi hatuna ni muda. Mkwe wako atapata dakika chache na nesi kila mwezi; wewe uko naye asubuhi mpaka usiku. Utaona uso umevimba kabla yake, utajua kama jana hakula. Na mtoto akizaliwa, simamia jambo moja kwa ajili yetu: yale maziwa ya kwanza ya njano yasikamuliwe yakamwagwa. Anyonyeshwe ndani ya saa moja, bila maji ya sukari wala asali, na kwenye kitovu pasipakwe majivu, mafuta wala dawa ya meno. Wazee wakisema, nyumba inasikia kuliko tunavyosikilizwa sisi.

Kliniki imejaa wanawake. Mimi mwanaume nikienda nakaa nafanya nini?

Unapimwa VVU na kaswende pamoja naye, maana kumtibu mmoja na kumwacha mwenzake ni kazi bure. Unasikia mwenyewe dalili za hatari, usije ukasimuliwa nusu. Na vituo vingi humhudumia kwanza aliyekuja na mwenza, kwa hiyo mtawahi kutoka. Huyo ambaye mwenzake yuko safarini, au amekana mimba, asibaki nyumbani kwa ajili hiyo. Huduma ni yake.

Nyumbani kazi yako iko wazi: ndoo ya lita 20 isiinuliwe na mjamzito wakati wewe upo. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kuota wala kupikia, hewa yake ya sumu haina harufu. Akiumwa kichwa, parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la jirani hapana. Pombe hapana, hata ile ya kienyeji inayosemwa ni chakula. Na mkorogo wa kujichubua nao uachwe, baadhi una zebaki.

Tendo la ndoa je? Wengine wanasema linamjenga mtoto, wengine linamchafua.

Halimjengi wala halimchafui. Mtoto yuko ndani ya maji na mlango wa kizazi umefungwa. Endeleeni kama wote wawili mnataka na mama haumii. Mnaacha kama anatokwa damu, chupa imepasuka, au mmeambiwa kondo la nyuma limekaa chini.

Nina miezi minane. Mtoto tangu asubuhi amepoa, wameniambia miezi ya mwisho huwa anapumzika. Nisubiri kesho?

Nenda leo. Nenda sasa hivi, ukimaliza kusoma mstari huu. Mimba ya kwanza, mama huanza kumsikia mtoto karibu na wiki ya 18 hadi 22, na kufikia mwezi wa saba anakuwa ameshaujua mwendo wake. Namna ya kucheza hubadilika akikua, lakini mtoto haachi wala hapunguzi kucheza kwa sababu siku zimekaribia. Akipungua, anasikilizwa moyo siku hiyohiyo. Na tangu wiki ya 28 lala kwa ubavu, si chali. Ukizinduka usiku uko chali, geuka tu uendelee kulala.

Mengine yasiyosubiri asubuhi: damu yoyote ukeni, chupa kupasuka, homa, maumivu makali ya tumbo, degedege. Kisha lipo kundi ambalo familia hulichukulia kama uchovu: kichwa kinachouma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla hata pete haitoki. Miguu kuvimba jioni peke yake ni jambo la kawaida kwa wengi. Uso si kawaida. Hizo ni dalili za presha ya ujauzito inayoelekea kwenye kifafa cha mimba, na mimba ya kwanza ndiyo inayoshambuliwa zaidi. Tanzania piga 115 bila malipo, ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Pamoja na hiyo, muwe na namba ya dereva mmoja wa bajaji au teksi anayekubali kuamka saa tisa usiku, na bei mmeshapatana mchana.

Kwetu mzaliwa wa kwanza huzaliwa kwa mama mzazi. Mume hataki, anasema hospitali za mjini ni bora. Nani yuko sawa?

Ulizeni kwanza swali jingine: ikihitajika operesheni au damu, ni dakika ngapi kutoka kwa mama? Kama hospitali yenye theatre iko karibu, nenda ukalelewe. Kama ni saa tatu za barabara ya vumbi, jifungulie mjini, mama aje, au uende kwao baadaye umalizie arobaini huko. Ukiamua kwenda, safiri mapema, usingoje mwezi wa tisa kwenye basi la usiku, na kadi ya kliniki isitoke mkobani mwako.

Ukiwa huko na wanataka kukukanda, maji yawe ya uvuguvugu. Wanawake wameungua mapaja kwa maji ya moto ya mapenzi. Tumbo lisibonyezwe kwa nguvu, na aliyepasuliwa hakandwi tumbo kabisa.

Kifurushi cha kwenda nacho kiwe na nini, na kazini niseme lini?

Kituo chako kitakupa orodha, na haziko sawa. Mara nyingi utaona kanga safi mbili tatu au zaidi, mpira wa kulalia, glavu, pamba, nepi na nguo za mtoto, kofia, pedi kubwa, beseni na sabuni. Viwe tayari kufikia wiki ya 36, mahali ambapo hata mume anapajua bila kukupigia simu ukiwa kwenye uchungu.

Kazini, sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata angalau siku 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwajiri anatakiwa apewe taarifa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwa yule wa 17 Desemba, barua iwe imefika kabla ya 17 Septemba, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.