Amri ya hedhi hutoka kwenye ubongo

Nilianza utafiti kwa kuwatazama panya. Panya jike ambaye hajawahi kuzaa huwakwepa watoto wachanga, lakini akishazaa, kitoto kikitoka kiotani hukifuata, akakibeba kwa mdomo na kukirudisha. Nilitaka kujua kimebadilika nini katika ubongo wake. Swali hilo ndilo lililonitoa maabara likanifikisha kliniki ya wazazi hapa Dodoma. Wengi hudhani nilibadili fani, kumbe ni kazi ileile.

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamu, yenye uzito wa gramu 4 hivi. Hiyo hutoa homoni, yaani kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini, iitwayo GnRH, kidogo kidogo, kwa mapigo. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, pigo moja huja kila baada ya dakika 60 hadi 90 hivi. Kila pigo huiamsha pituitari, tezi ndogo iliyo chini yake, nayo huziamsha ovari, yaani vifuko vya mayai. Kwa mwanamume, korodani. Andrew Schally na Roger Guillemin, waliochambua bongo nyingi mno za nguruwe na kondoo kutafuta homoni za namna hii, walitunukiwa Nobeli mwaka 1977. Baadaye ikaonekana jambo la kushangaza zaidi: homoni hiyo ikimiminwa mfululizo bila kupumzika, pituitari huacha kuitikia. Ni kama ngoma. Mdundo ukipotea, wachezaji husimama.

Ndiyo maana njaa na mawazo mazito huvuruga hedhi. Mwanamke wa Bahi au Chamwino anayekula mlo mmoja kabla ya mavuno, huku akitembea mbali kutafuta maji, mwili wake unaweza kupunguza mapigo hayo akakosa siku zake. Hajalaaniwa, wala hajidanganyi. Hata hivyo kipimo cha mimba ndicho cha kwanza, na mtoa huduma aulize pia kama anatumia sindano ya uzazi wa mpango, kwa kuwa nayo husimamisha hedhi kwa wengi.

Linaloniumiza zaidi ni la baada ya kujifungua. Kondo la nyuma likishatoka, projesteroni, homoni inayotunza mimba, hushuka kwa kasi, na pamoja nayo hushuka kemikali inayotokana nayo ambayo hutuliza ubongo. Machozi ya siku chache ni ya kawaida. Yakipita wiki 2, mama hana hamu ya kitu, halali hata mtoto akilala, hiyo huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 20 kati ya 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Majumbani huitwa mvivu, au husemwa amerogwa. Na hapa kwetu jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, limegeuzwa tusi, kwa hiyo mama hunyamaza asije akatajiwa hospitali hiyo.

Sonona hutibika, kwa mazungumzo na kwa dawa, zikiwemo ambazo mama anaweza kutumia akiendelea kunyonyesha. Akianza kusikia sauti, au kusema atajidhuru au atamdhuru mtoto, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na asiachwe peke yake hata kidogo.

Kliniki tunampima mtoto uzito na kujaza kadi yake. Naomba wauguzi wenzangu, kabla hamjamwita anayefuata, mgeukieni mama mumuulize: “Na wewe, unalala?”